Uji Nilioumwaga Kwaluguru

Naambiwa ninyi vijana mnaosomea uganga mmeomba nizungumze nanyi kwa sababu mimi ni mzee wa siku nyingi katika kazi ya zahanati. Asanteni. Lakini nawaonya mapema: kama mnangoja kusikia jinsi nilivyookoa watu, mtakaa sana. Kuanzia Kabuku hadi Kwaluguru nilijulikana kwa jina la Bwana Pumzisha, na jina hilo sikupewa kwa kusifiwa. Kila aliyeingia kwangu ameshika tumbo, hata salamu hajamaliza, nilimwambia, "Usile kitu. Tumbo lipumzike."

Na nilisema kwa sauti nzito. Nilikuwa kijana mwembamba, nimetoka kozi juzijuzi, nimevaa koti jeupe lililoachwa na mtu mnene aliyestaafu. Mikono ya koti ilinifika kwenye kucha. Nilikuwa naikunja mara tatu, na nikimpima mtu homa ilikuwa inakunjuka yenyewe na kumfunika uso. Sasa mtu wa namna hiyo asipotumia sauti nzito atatumia nini?

Nitawaeleza habari za utumbo tu. Malaria niliitibu vizuri, hata maadui zangu wanakubali. Vidonda nilivifunga vizuri. Utumbo ndio ulionitia aibu, kuanzia wa kwangu mwenyewe.

Siku zile, miaka ya mwanzo ya Uhuru na baadaye tulipoingia vijijini, imani yetu kubwa ilikuwa kusafisha. Mtu akijisikia mzito anakunywa haluli, ile chumvi nyeupe ya kuharisha. Akitoka kukata mkonge anakunywa haluli. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, haluli. Watoto nao walipangwa foleni wakashikwa pua, wakanyweshwa. Hakuna aliyeuliza tunasafisha nini na tunaondoka na nini. Mimi nilidhani utumbo ni bomba tu. Vitu vinaingia juu vinatoka chini, na bomba likiwa chafu unalipitishia maji kwa nguvu.

Basi wageni wa wilaya wakaja kutoka Handeni kukagua kijiji chetu cha Kwaluguru. Mimi nilipangiwa kusoma taarifa ya afya. Nikataka niwe mwepesi, ngozi ing'ae, sauti itoke. Asubuhi nikanywa haluli kipimo cha mtu mzima, kisha nikaongeza kidogo kwa heshima ya wageni. Nilianza vizuri. Nikasoma habari za usafi wa visima, nikasoma habari za mbu. Nilipofika kwenye sentensi ya kwamba vyoo vya kijiji vimeongezeka, tumbo likatoa mlio ambao hata mgeni rasmi aliusikia, akaacha kuandika.

Choo cha karibu kilikuwa choo cha mfano, kipya, kimezungushiwa kamba ya katani mlangoni ili mgeni rasmi akakifungue kwa mkono wake. Nilikifungua mimi. Sikukata kamba, nilipita nayo. Nikiwa ndani nilimsikia mwenyekiti wa kijiji, Mungu amrehemu, akiwaambia wageni kwa utulivu, "Ndugu Mganga anafanya ukaguzi wa mwisho." Wakapiga makofi.

Baada ya hapo nilikaa siku nne kila ninachokula kinapita mbio, tumbo linauma kama limepigwa msasa, na homa juu. Mngedhani ningejiuliza nimekwaruza nini huko ndani. Sikujiuliza. Na mngedhani nililipumzisha tumbo langu kama nilivyowaagiza wengine. Wapi! Nilikula wali, nikanywa mchuzi, nikaomba ndizi. Kupumzisha ilikuwa ya wagonjwa.

Sasa nije kwenye habari yenyewe.

Kijiji kilikuwa kipya. Watu waliokuwa wakikaa mbalimbali, kila ukoo na mashamba yake, tulikuwa tumekusanyika pamoja, nyumba zimepangwa mistari, na wote tunachota maji kwenye lambo moja. Ng'ombe nao walikunywa humo humo, tena wao wanaingia mpaka katikati. Mvua za kwanza zilipokuja zikaosha vichaka vyote kuelekea lamboni, na mnajua watu walikuwa wakienda kufanya nini vichakani. Kuhara kukaingia kijijini, watoto kwanza.

Mimi nilikuwa na dawa tatu. Kulikuwa na vidonge vikubwa vya salfa, kulikuwa na dawa nyeupe ya maji iliyofanana na chokaa, na kulikuwa na vidonge vya rangi mbili ambavyo niliviamini kupita kiasi, nikavigawa hata kwa mtu aliyeharisha mara moja tu kwa kula embe bichi. Halafu kulikuwa na ile amri yangu. Sikuitunga mimi. Kwenye kozi tulifundishwa kwamba tumbo linaloharisha lipumzishwe, na tukaandika kwenye daftari. Ila waliotufundisha walizungumzia saa chache. Mimi nikafikiri, kama saa chache ni nzuri, siku tatu ni nzuri zaidi. Maji niliruhusu vijiko vichache vya kulainisha mdomo, maana niliona akinywa zaidi anaharisha zaidi.

Wakaniletea mtoto mmoja anaitwa Hatibu, wa miaka miwili. Alibebwa na mama yake, Zaina, na nyuma yao alikuja bibi yake, Bi. Mwantumu, mwanamke mfupi, mkimya, anayetembea kama mtu ambaye hajawahi kuchelewa popote. Mtoto macho yalikuwa yamezama. Ukivuta ngozi ya tumbo na kuiachia, inabaki imesimama. Vijana, hiyo mkiiona msiende kunywa chai kwanza. Gari la kumpeleka hospitali halikuwapo, njia ilikuwa tope tupu. Mtoto yule angeponea mikononi mwangu au angefia mikononi mwangu, na hilo nililijua, nikaogopa, na nikiogopa sauti yangu ilikuwa inazidi kuwa nzito.

Nikamlaza kwenye kitanda cha kamba kilicho karibu na dirisha. Nikampa vidonge vya rangi mbili, nimevisaga. Nikakata kipande cha boksi la dawa, nikaandika kwa herufi kubwa HARUHUSIWI KULA, nikakitundika kichwani kwake. Nilikuwa na mwandiko mzuri.

Siku ya pili asubuhi Bi. Mwantumu akaja na kibuyu. Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi la nje wakingoja zamu.

"Shikamoo, bibi. Hicho nini?"

"Marahaba, mwanangu. Uji wa mtama. Mjukuu wangu hajala tangu jana."

"Ndiyo dawa yenyewe, bibi. Tumbo lake lina vidonda. Huwezi kumwagia uji kwenye kidonda."

Akafikiri kidogo. "Na kidonda cha mguuni? Mwenye kidonda cha mguuni si unamwambia ale ndipo kipone?"

Watu walikuwa wananitazama. Nikachukua kibuyu mikononi mwake, nikakifungua, nikanusa. Uji ulikuwa umechacha. Wazigua wa zamani walikuwa wakiuacha uji wa mtama mpaka uchachuke ndipo wampe mtoto anayeharisha, na mimi ni Mzigua, mama yangu mwenyewe alinilea hivyo. Lakini nilikuwa nimesoma. Nikasema kwa sauti ili benchi zima lisikie, "Bibi, huu umeoza. Unataka kuua mtoto?" Nikaumwaga wote pale mlangoni.

Bi. Mwantumu aliokota kibuyu chake, akakifuta mdomo kwa pindo la khanga, akaenda zake. Kuku wakaja wakaunywa ule uji mpaka tope lake. Hawakuharisha wale kuku. Mganga mwenye akili angelitazama hilo, lakini mimi nilikuwa nakunja mikono ya koti.

Jioni ya siku hiyo ya pili mtoto akafungua macho vizuri. Siku ya tatu asubuhi akalia, tena kwa nguvu, na machozi yakatoka. Mchana wake akakaa mwenyewe. Nilikuta kile kibao cha boksi kimegeuka, maandishi yanatazama ukuta, nikasema ni upepo, nikakirudisha. Kesho yake upepo ukakigeuza tena. Nilikuta matone meupe kwenye mkeka, nikasema Zaina amemwaga dawa ya chokaa. Vijana, nilikuwa na kila kitu mbele ya macho. Mtoto alipoanza kupata choo kizito niliandika kwenye daftari la wagonjwa: amepona kwa vidonge na kwa kupumzisha tumbo siku tatu. Nikapiga mstari chini.

Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti akanisimamisha. "Ndugu Mganga ametuokolea mtoto," akasema, na watu wakapiga makofi. Bi. Mwantumu naye alipiga, taratibu, huku ananitazama. Nilidhani ni shukrani imemzidi. Kichwa changu kikavimba mpaka kofia ikanibana.

Miaka ikapita, nikahamishiwa Korogwe, kwenye kituo kikubwa zaidi, chini ya muuguzi mkuu mmoja, Mama Paulina. Alikuwa Msambaa, ameshuka kutoka milimani huko, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na alikuwa na tabia ya kukusikiliza mpaka mwisho ndipo akukate. Siku yangu ya kwanza wodini nikamkuta anamlisha mtoto wa kuhara uji kwa kijiko. Nilitaka kuanguka.

"Shikamoo, mama. Samahani, lakini huyo si anaharisha?"

"Marahaba. Anaharisha sana."

"Na unamlisha?"

"Sasa nimfanyeje, nimwimbie?"

Nikaona huyu mama anahitaji kuelimishwa. Nikamweleza habari za Hatibu wa Kwaluguru, tangu macho kuzama mpaka makofi ya mkutano. Alinisikiliza huku kijiko kinakwenda kinarudi. Nilipomaliza akauliza, "Siku tatu hajala, na ya tatu akakaa mwenyewe?"

"Naam."

"Athumani, huyo mtoto alikula."

"Hakula, mama. Nilikuwapo."

"Hukuwapo," akasema, akampangusa mtoto mdomo.

Kesho yake akanituma sokoni nikanunue utumbo wa mbuzi, uliotolewa asubuhi ile ile. Nilidhani ananidharau, ananifanya mtu wa jikoni. Akaulaza kwenye sinia, akaupasua kwa mkasi, akaumiminia maji polepole. "Pitisha kidole ndani." Nikapitisha. Kulikuwa laini, kuna utelezi, na chini ya utelezi vinyweleo vidogo kama vya taulo jipya. "Sasa kwaruza kwa kucha." Nikakwaruza. Sikutumia hata nguvu. Ule utando wote ukabandukia kwenye kucha, ukabaki ukungu wa kijivu kidoleni.

"Huo ndio ukuta," akasema Mama Paulina. "Upande huu ni uchafu. Upande ule ni damu. Katikati yake kuna hicho kilichobaki kwenye kucha yako, basi."

Nilikitazama kile kidole changu muda mrefu. Nikakumbuka haluli ya siku ya wageni, na zile siku nne za msasa.

"Kwenu Handeni mnajenga nyumba za kukandika?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mvua ikiumomonyoa ukuta mnaukandika na nini?"

"Na udongo."

"Na utumbo hivyo hivyo. Unajikandika upya kila baada ya siku chache, usiku na mchana haulali, na udongo wake ni chakula kile kile kinachopita humo. Mtoto anaharisha, ukuta unamomonyoka, na wewe unamnyang'anya fundi udongo. Halafu nyufa zinatokea, vijidudu vinapita kwenye damu, homa inapanda, mtoto anakonda, na akipata chakula baadaye ukuta hauna tena nguvu za kukipokea. Wewe unaita kupumzika."

Ule utumbo tuliupika supu, tukaula na ndizi. Ndilo somo pekee maishani mwangu nililolimeza lote.

Baadaye, tulipoitwa kwenye semina mbalimbali, nilisikia mengine ya kuongezea. Kwamba ule utelezi si uchafu, ni ngao. Kwamba humo ndani wanaishi vijidudu wengi mno ambao ni wenyeji wetu, wanakula makapi ya chakula chetu na wao wanaulisha ukuta, na wanawazuia vijidudu waovu wasipate mahali pa kukaa. Vidonge vyangu vya rangi mbili havikuwa vinachagua, vilikuwa vinafagia wote, wenyeji na wavamizi. Na uji uliochachuka, mnaujua? Uchachu wake unawafukuza wale waovu. Yaani nilimwaga dawa na kumwachia mtoto fagio. Zikaja na zile pakiti za chumvichumvi na sukari za kuchanganya na maji, nazo tukaambiwa mpeni mtoto anywe, anywe sana, hata akiendelea kuharisha. Na mimi ndiye niliyekuwa natoa maji kwa kijiko.

Lakini siku ile ya supu sikuwa nimekubali. Tumbo lilikubali, jeuri ikakataa. Nikajiambia, haya ya mbuzi ni ya mbuzi, mimi nina mtoto hai Kwaluguru ambaye hakula siku tatu akapona. Nikaomba ruhusa ya siku mbili nikalete ushahidi. Mama Paulina akaniambia, "Nenda, na umsalimie bibi yake." Hapo ningepaswa kushtuka, maana nilikuwa sijamtaja sana huyo bibi.

Nikapanda basi mpaka Kabuku, nikaazima baiskeli kwa mwenye duka, nikafika Kwaluguru jua likiwa kali. Hatibu nilimkuta njiani anafukuza mbuzi, mapengo mawili mbele, mguu una kovu la kidonda cha aina niliyojua kufunga. Akanikimbia. Bi. Mwantumu alikuwa barazani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Bwana Pumzisha. Karibu, kaa." Hiyo ndiyo siku niliyolisikia jina hilo usoni kwa mara ya kwanza.

"Bibi, nimekuja unisaidie jambo. Kuna watu Korogwe wanabisha. Wewe ni shahidi yangu kwamba Hatibu alipokuwa mgonjwa hakula siku tatu."

Akaacha kupukuchua. Akanitazama, akaona sitanii. Halafu akaanza kucheka kwa mabega, bila sauti, mpaka mahindi yakamwagika mapajani.

"Mwanangu," akasema, "wewe ulikuwa unakula mara ngapi kwa siku?"

"Mara tatu."

"Na ulikuwa unaondoka zahanati kwenda kula?"

"Ndiyo."

"Basi na yeye alikula mara tatu. Ukienda kula bada lako la muhogo na mlenda, na sisi tunakula. Nilikaa nyuma ya zahanati na kibuyu kingine. Ulikuwa ukitoka unakohoa, tukajua umetoka. Ukirudi unakohoa, tukajua umerudi. Na maji nilimpa, ya kuchemsha, bila kijiko."

"Na kile kibao?"

"Nilikigeuza. Kilikuwa kinamtisha Zaina."

"Ulijua kimeandikwa nini?"

"Nilikuwa nakwenda kisomo cha watu wazima, mwanangu, nakaa mstari wa mbele. Nilikisoma vizuri sana."

"Sasa mbona mkutanoni ulipiga makofi?"

"Ningefanyaje? Ungeona aibu, ungeomba uhamisho. Tulikuwa tunakuhitaji kwa malaria."

Hapo hata mimi nilicheka. Nilicheka nikiwa nimeinama, maana uso sikuwa na pa kuuweka. Nilicheka kwa kujiona nilivyokuwa: ninakohoa kama tarumbeta, koti linaburuza, natoka kwa madaha kwenda kula ili mgonjwa wangu naye apate kula. Kama mambo yangeishia hapo hii ingekuwa hadithi nzuri ya kuchekesha watu, na kwa miaka mingi niliisimulia mpaka hapa tu.

Lakini niliuliza swali moja zaidi. Nilitaka kulainisha aibu. Nikamwambia, "Bibi, wewe una moyo mgumu. Kijiji kizima kilikuwa kinanisikiliza, wewe ulipata wapi ujasiri wa kunikatalia?"

Bi. Mwantumu akaacha kucheka. Akaokota punje zilizomwagika, moja moja.

"Sikuwa na ujasiri," akasema. "Mwezi mmoja kabla, mwenzangu Bi. Asha alikusikiliza."

Akanionyesha kwa kidevu nyumba ya tatu kutoka kwake.

Nikakumbuka. Mtoto wa kike, Mariamu, mjukuu wa Bi. Asha, kitanda kile kile cha dirishani. Alikufa siku ya nne. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika: aliletwa akiwa amechelewa. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Vijana, hakuchelewa. Aliletwa siku ya kwanza, bibi yake amembeba mbio kutoka shambani, jembe bado liko begani. Niliandika vile kwa sababu safu ile ya daftari ilitaka sababu, na hiyo ndiyo sababu iliyokuwa karibu.

Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wa Bi. Mwantumu. Niliitazama sana. Mpaka Kabuku si mbali, na basi la jioni ningelipata. Nilikaa pale mpaka Bi. Mwantumu akasema, "Nenda, yupo nyumbani," na kwa kuwa nilikuwa nimezoea sasa kwamba yeye ndiye mganga, nikaenda.

Bi. Asha alikuwa mrefu, macho yameanza ukungu. Alinijua kwa sauti. Akanikaribisha ndani, akanipa kigoda. Nikamwambia nimekuja kusema jambo. Nikalisema. Sikulisema vizuri, nilichanganya mbuzi na ukuta na udongo, lakini nilisema kwamba mtoto hakuchelewa kuletwa, na kwamba nilimnyima chakula wakati tumbo lake lilikuwa linakihitaji kuliko siku yoyote. Nikasema labda angekufa tu, kwa sababu wengine walikufa hata walipolishwa, na labda asingekufa. Sijui. Mpaka leo sijui, na hilo ndilo limenikaa.

Halafu akasema, "Siku ya pili aliomba uji."

Nikavua kofia.

"Alisema, bibi, uji. Nilikuwa nao. Nilikuwa nimeuacha uchachuke, uko kwenye kibuyu, uko hapo mlangoni. Nikamwambia, mganga amekataa. Akasema tena. Nikamwambia, mganga amekataa, mama, tulia."

Akanyanyuka akaenda jikoni. Nilidhani anakwenda kulia peke yake. Akarudi na bada na mlenda, akaviweka mbele yangu, akaninawisha mikono kama mgeni yeyote. "Kula, mwanangu," akasema, "una safari." Nikala. Nilikula huku machozi yananidondokea kwenye mlenda, na nilimaliza, kwa sababu yeye alikaa pale mpaka nimalize.

Niliporudi Korogwe Mama Paulina alinipa kijiko na bakuli, akanionyesha kitanda. Nikakunja mikono ya koti, nikaanza kulisha. Nimefanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, na jina la Bwana Pumzisha sikuwakataza watu kuniita. Mkiniita leo nitaitika.

Ninyi mna vipimo, mna dripu, mna vitabu vyenye picha za huo ukuta zilizokuzwa mpaka unaona kila kinyweleo. Someni yote. Msiwagawie vidonge watu wanaotaka tu kuondoka na kitu mkononi, vuteni ngozi ya tumbo mtazame inavyorudi, mpeni maji mtoto hata anapoyatoa. Na siku yoyote, mahali popote, mkiwa na sauti nzito na koti jeupe, mtoto mgonjwa akisema, bibi, uji, mwacheni bibi yake ampe.